Mapaa ya madarasa Turkana yapewe pumzi

Wahenga walinena kwamba nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya wachoraji wa ramani za madarasa, lakini inawaafiki barabara. Kila mwaka watahiniwa wa KCSE wa Lodwar na Kakuma hufanya mtihani ule ule wanaoufanya wenzao wa Limuru na Nyahururu. Karatasi za mchana hufunguliwa saa nane kote nchini. Maswali ni yale yale, dakika ni zile zile, na aghalabu hata paa lililo juu ya vichwa vyao ni la namna ile ile: mabati yaliyopigiliwa juu ya mbao, na kofia ya bati iliyokazwa pale juu vipaa viwili vinapokutana. Kisichofanana ni jua. Kule Limuru paa hilo humkinga mtoto na baridi na manyunyu. Kule Lodwar paa lilo hilo humwoka.

Makala haya yana dai moja tu, dogo kwa gharama na kubwa kwa faida. Nadai kwamba madarasa yaliyokwisha kujengwa Turkana yafunguliwe mgongoni mwa paa, ili joto lililokusanyika juu lipate njia ya kutoka. Sisemi madarasa hayo yabomolewe, wala sisemi yafungwe mitambo ya kupoza hewa inayotaka umeme ambao shule nyingi hazina. Nasema kofia ya paa iinuliwe kwa kiasi cha upana wa kiganja, ikazwe upya kwa ustadi, na chini yake hewa iachiwe njia ya kuingia. Fundi yeyote anayejua kuezeka anaweza kuifanya kazi hiyo, mradi aelezwe sababu yake.

Tuanze na mahali penyewe. Mji wa Lodwar uko katika mwinuko wa takriban mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, kando ya Mto Turkwel. Mvua yake ya mwaka mzima ni kama milimita 200, na joto la mchana hufika kiasi cha nyuzi 35 za Selsiasi karibu mwaka mzima. Kakuma, kiasi cha kilomita 120 upande wa kaskazini-magharibi, haina nafuu. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo mwaka 1992, wakati vijana waliokimbia vita vya Sudan walipowasili kwa makundi, na makazi ya Kalobeyei yakafuata karibu yake miaka ya 2010. Leo mahali hapo pawili pana watu wapatao 300,000, na sehemu kubwa yao ni watoto. Kuna madarasa yanayopokea wanafunzi zaidi ya 100 kwa wakati mmoja. Msomaji na ajaribu kuwaza watoto 100 katika chumba kimoja, chini ya bati tupu, saa nane mchana.

Watu wengine hudhani joto ni usumbufu wa mwili tu, na kwamba mtoto aliyezaliwa Turkana amelizoea. Ni kweli kwamba mwili huzoea kiasi fulani. Lakini akili inayotakiwa kukokotoa hesabu au kufasiri shairi haizoei kirahisi hivyo. Mwaka 2020 mtaalamu wa uchumi R. Jisung Park na wenzake walichapisha utafiti uliotumia matokeo ya mitihani ya wanafunzi wapatao milioni 10 wa Marekani. Waligundua kwamba pale ambapo shule hazina mitambo ya kupoza hewa, mwaka wa masomo ukiongezeka joto kwa nyuzi moja ya Farenhaiti, yaani kama nusu nyuzi ya Selsiasi, wanafunzi hupoteza takriban asilimia moja ya yale ambayo wangejifunza mwaka huo. Karibu na kwetu, Sudan Kusini ililazimika kufunga shule zote kwa sababu ya joto mnamo Machi 2024, na ikafanya hivyo tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuzirai. Sudan Kusini si mbali: ndiyo nchi walikotoka wengi wa watoto wanaosoma Kakuma.

Kazi yangu ni lugha, na kwa ajili ya kazi hiyo nimeketi nyuma ya madarasa ya Lodwar na Kakuma nikiwasikiliza walimu na wanafunzi wakizungumza. Jambo la kwanza linalobadilika jua linapopanda si sauti ya mwalimu bali ni jibu la mwanafunzi. Asubuhi mtoto hujibu kwa sentensi nzima, na pengine huongeza swali lake mwenyewe. Ifikapo saa saba, mtoto huyo huyo hujibu kwa neno moja. Ikifika saa nane hutikisa kichwa. Mwalimu naye huacha kuuliza, akaandika ubaoni na kuwaamuru wanakili. Zaidi ya mara moja nimemwona mwalimu mwenye busara akilitoa darasa lote nje na kwenda kufundishia chini ya mgunga. Mti umeshinda jengo lililogharimu pesa za umma! Umeshinda kwa nini? Kwa sababu chini ya mti hewa inapita, na juu ya mti hakuna kofia iliyokazwa kwa misumari.

Hebu tulitazame paa lenyewe. Bati lililopigwa na jua la mchana Turkana hupata moto hadi nyuzi 60 na kupita, kiasi kwamba fundi hawezi kuliwekea mkono. Bati hilo hufanya mambo mawili. Kwanza, huipasha moto hewa inayoligusa kwa ndani. Pili, humulika joto moja kwa moja juu ya vichwa vya watoto, kama jiko la makaa linavyomulika uso wa aliyekaa mbele yake. Isitoshe, watoto wenyewe ni majiko madogo: mwili wa mtoto aliyeketi hutoa joto linalokaribia lile la globu ya zamani ya wati 75. Wakiwa 60 darasani, ni sawa na birika mbili za umeme zinazochemka mfululizo tangu asubuhi. Hewa yote hiyo iliyopata moto hupanda juu, kwa kuwa hewa moto ni nyepesi kuliko hewa baridi. Ikifika juu hukutana na kofia ya paa. Haiwezi kupita. Basi hujikusanya, tabaka juu ya tabaka, kama maji yanayojaa mtungi uliopinduliwa, mpaka fukuto lishuke na kufika kwenye vizingiti vya juu vya madirisha na vichwa vya wanafunzi waliosimama.

Madirisha je? Madirisha husaidia, lakini yako chini. Hewa ya dirishani hupita kifuani mwa chumba na kutokea upande wa pili, huku lile ziwa la joto lililo juu likibaki pale pale. Tena Turkana ni nchi ya vumbi, na upepo ukivuma mwalimu hufunga madirisha ya upande unaotoka upepo ili madaftari yasipeperuke na macho yasijae mchanga. Akishayafunga, darasa limekuwa tanuri kamili.

Ajabu ni kwamba shule zetu zinaijua dawa ya tatizo hili, na zimeitumia miaka mingi, ila mahali pengine. Msomaji na atembelee jiko la shule yoyote ya bweni katika nchi hii. Aghalabu ataona kwamba juu ya paa kubwa pameinuliwa paa dogo lenye uwazi ubavuni. Kwa nini? Ili moshi wa kuni utoke. Hakuna bodi ya shule inayobishana juu ya uwazi huo, wala hakuna anayeuliza mvua itaingia au haitaingia. Moshi huonekana, hukereketa macho, hupaka masizi ukutani, kwa hiyo hupewa mlango wake. Joto halionekani, kwa hiyo hunyimwa. Tumeijengea sufuria ya maharagwe hewa safi kuliko tulivyomjengea mtoto anayekuja kula maharagwe hayo.

Wenyeji wa Turkana nao hawakuhitaji kufundishwa. Katika awi, yaani boma la familia, wanawake ndio wajenzi. Huinamisha fito na kuzifunga kuwa umbo la kuba, kisha hulifunika kwa makuti ya mkoma. Kibanda hicho, kiitwacho akai, hakina dirisha hata moja la kuchorwa, lakini ukuta wake wote na paa lake lote hupenyeza hewa. Upepo, ambao Waturkana huuita ekuwam, huingia pande zote, na joto hutoka kati ya makuti. Wakati wa mvua hufunikwa zaidi kwa ngozi. Bati la mikunjo ni mgeni: hati ya kulimiliki kama uvumbuzi ilitolewa London mwaka 1829 kwa mhandisi Henry Robinson Palmer, na lilienea Afrika kwa sababu ni jepesi kusafirisha, halishiki moto na halili mchwa. Hizo ni sifa za kweli, na mimi si miongoni mwa wanaotaka turudi nyuma. Ninalosema ni kwamba tulipoacha makuti na kushika bati, tulibadilisha kifuniko bila kubadilisha njia ya hewa.

Wapo waliokwisha kuifanya hesabu hiyo upya. Kando ya Ziwa Turkana kuna chuo kinachofundisha vijana kazi za kompyuta, kiitwacho Startup Lions Campus, kilichokamilika mwaka 2021. Mchoraji wake ni Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, ambaye mwaka 2022 alitunukiwa Tuzo ya Pritzker, tuzo yenye heshima kuu katika usanifu wa majengo duniani. Chuo hicho kinatambulika kwa minara yake mirefu, iliyoigwa kutoka kwa vichuguu vya mchwa vya nchi hiyo. Minara si pambo. Hewa iliyopata moto hupanda ndani yake na kutokea juu, na hewa nyingine huingia kupitia matundu yaliyo chini. Kompyuta na watumiaji wake hupata nafuu pamoja. Shule ya msingi ya serikali haiwezi kujengewa minara kama hiyo, lakini kanuni yake haina mwenyewe: tundu la juu la kutolea, tundu la chini la kuingizia.

Sasa kazi yenyewe hufanywaje katika darasa lililokwisha ezekwa? Kabla ya mtu yeyote kupanda ngazi, na litazamwe paa ni la kitu gani. Ikiwa ni asbesto, lisikatwe wala kutobolewa, maana vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Hilo ni la wataalamu peke yao. Ikiwa ni mabati, hatua ya kwanza ni kuhakikisha njia ya kuingilia hewa. Watu wengi hukosea hapa: huufungua mgongo wa paa na kuiacha sehemu ya chini imezibwa. Tundu la juu lisilokuwa na mwenzake wa chini halivuti kitu, na pengine huanza kuingiza vumbi badala ya kutoa joto. Basi na yazibuliwe matundu yaliyo juu ya kuta chini ya upenu, ambayo mara nyingi yamejazwa saruji au magunia, au yatobolewe mapya na kuwekewa wavu wa waya. Jumla ya nafasi ya kuingilia isiwe ndogo kuliko ya kutokea.

Hatua ya pili ni mgongoni. Kazi ianze alfajiri upepo ukiwa umetulia, kwani ifikapo saa nne bati haligusiki. Kofia ya zamani ing'olewe taratibu ili isipindike. Mara nyingi fundi atakuta kwamba mabati ya pande mbili hayakugusana kabisa kule juu, bali yameacha mwanya mwembamba. Mwanya huo upanuliwe hadi sentimita 6 kila upande, kwa kukata ncha za mabati tu. Mbao zinazolishika paa zisiguswe kamwe. Miisho miwili ya mgongo iachwe bila kukatwa, kiasi cha sentimita 30 kila upande, kwa kuwa hapo ndipo mvua ya upepo hupenda kuingilia. Ncha zilizokatwa zikunjwe kuelekea juu, ziwe kama ukingo mdogo wa kuzuia maji. Kisha vigingi vya mbao vyenye kimo cha sentimita 10 vipigiliwe juu ya mbao za paa, wavu wa waya utandazwe ubavuni, na juu yake iwekwe kofia pana zaidi kuliko ile ya kwanza, ishuke kila upande angalau sentimita 20 kupita ukingo wa mwanya. Yote hayo yakazwe kwa skrubu na mikanda ya chuma hadi kwenye mbao za paa, si kwenye bati peke yake.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuifanyia hesabu. Tuchukue darasa la mita 8 kwa 6, lenye kimo cha wastani cha mita 3. Mwanya wa jumla ya sentimita 12 kwa urefu wa mita 7.4 ni nafasi ya karibu mita mraba 0.9. Ikiwa tundu la kutokea liko mita 2.5 juu ya lile la kuingilia, nayo hewa ya ndani imezidi ile ya nje kwa nyuzi 5, basi hewa yote ya chumba hicho huweza kubadilishwa kila baada ya dakika saba hadi kumi, bila pangaboi, bila umeme, bila bili ya mwisho wa mwezi. Kadiri joto la ndani linavyozidi, ndivyo hewa inavyokimbia zaidi. Yaani adui mwenyewe ndiye anayeusukuma mlango wa kumtolea nje.

Sitaki kumdanganya msomaji. Tundu hili si jokofu. Haliwezi kulishusha joto la darasa chini ya joto la nje, na nje ni nyuzi 35 au 37. Linaloondoa ni lile joto la ziada lililonaswa chini ya bati, pamoja na pumzi nzito ya watoto wengi. Hata hivyo, katika hewa kavu ya Turkana hewa inayotembea hukausha jasho upesi, na mwili hupoa kwa njia hiyo hata hewa yenyewe ikiwa ya moto. Tena tundu haliondoi ule mmuliko wa joto kutoka kwenye bati hadi kichwani. Kwa hilo yatakiwa dari, hata ikiwa ya mikeka ya mkoma ambayo akina mama wa Turkana wanaisuka kwa ufundi mkubwa. Ikiwekwa dari, hewa na iachiwe njia ya kupita kati yake na bati, ikiingilia kwenye upenu na kutokea mgongoni, na dari yenyewe iwe na matundu ili fukuto la watoto lipande. Rangi nyeupe juu ya bati na miti upande wa magharibi hukamilisha kazi. Lakini dari bila tundu la juu huficha tanuri tu, haiuzimi.

Najua hoja zitakazotolewa. Ya kwanza ni mvua. Turkana hainyeshi mara nyingi, bali ikinyesha hunyesha kwa kishindo na kwa upepo. Ndiyo maana nimesisitiza upana wa kofia, ukingo uliokunjwa na miisho isiyokatwa. Matone machache mara chache kwa mwaka si bei kubwa kwa hewa ya siku zote za masomo. Ya pili ni popo na ndege. Wavu wa waya huwazuia, mradi usiwe na matundu madogo mno yatakayozibwa na vumbi, na usafishwe kila likizo. Ya tatu ndiyo nzito: upepo kung'oa paa. Hoja hii ni ya kweli, kwani kofia iliyoinuliwa hushikwa na upepo kuliko iliyolala. Jibu lake ni mikanda ya chuma na skrubu, na fundi asiyekubali kuvitumia asipewe kazi.

Lakini upepo huo huo ni msaidizi pia. Kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna mkondo wa upepo wenye nguvu, uvumao kutoka kusini-mashariki, ambao wanasayansi Kinuthia na Asnani waliueleza mwaka 1982. Ng'ambo ya ziwa, katika Kaunti ya Marsabit, mashine 365 zinauvuna upepo huo na zinaweza kuzalisha megawati 310. Umeme wake uliingia katika gridi ya taifa mwaka 2018. Upepo ukipita juu ya mgongo wa paa huacha nyuma yake mvuto unaoifyonza hewa ya ndani kutoka nje. Tumeweza kuusafirisha upepo wa kaskazini ukawashe taa Nairobi, nasi tumeshindwa kuuruhusu upite juu ya kichwa cha mtoto wa Kakuma!

Naja sasa kwenye fani yangu. Kitu kisichokuwa na jina hakiandikwi katika orodha ya vifaa, na kisichoandikwa katika orodha hakinunuliwi. Nimesikia tundu hili likiitwa kwa maelezo marefu ambayo hakuna karani atakayeyaandika. Kiswahili hakihitaji kuazima hapa. Kutokana na kukimbia tunapata kukimbilia, na kutokana na kukimbilia tunapata kimbilio, mahali pa kukimbilia. Kwa njia iyo hiyo, kupumua huzaa kupumulia, na kupumulia huzaa pumulio, mahali pa kupumulia. Napendekeza basi tuseme pumulio la paa, wingi mapumulio ya mapaa. Neno hili analielewa fundi asiyekwenda shule, na mwanafunzi wa isimu anaweza kulichanganua. Likishaingia katika ramani za madarasa, litaingia katika makadirio ya fedha.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Msingoje kamati. Chukueni vipimajoto viwili, kimoja kitundikwe penye kimo cha kichwa cha mtoto aliyeketi na kingine chini kidogo ya bati. Wanafunzi waandike vipimo vya vyote viwili saa mbili, saa sita na saa nane, kwa wiki nne. Washeni kijiti chenye moshi karibu na upenu, mtazame moshi unaelekea wapi na unakwama wapi. Kisha lifungueni paa la darasa moja tu, na mlinganishe vipimo vyake na vya darasa la jirani lisilofunguliwa. Hiyo ni sayansi, ni hisabati, ni jiografia na ni insha kwa pamoja, na mtaala wa umilisi tulio nao unasema ndivyo mtoto anavyopaswa kujifunza. Daftari la vipimo hivyo litakuwa na nguvu mbele ya bodi ya shule kuliko malalamiko elfu.

Na kwa wenye mamlaka, kila mmoja ana sehemu yake. Madarasa ya chekechea ni jukumu la serikali ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, basi Kaunti ya Turkana inaweza kuanza nayo, kwa kuwa watoto wadogo ndio wanaoumia upesi. Shule za msingi na za upili ni za Wizara ya Elimu. Shule za kambini husimamiwa na mashirika yanayofanya kazi pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, na misaada yake imepungua miaka ya karibuni. Hiyo ndiyo sababu zaidi ya kuchagua dawa isiyokula umeme wala vipuri. Kila darasa jipya litakalojengwa kaskazini lichorwe likiwa na pumulio tangu mwanzo, na kila darasa la zamani likarabatiwapo lifunguliwe.

Tumezoea kuambiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni wosia mwema kwa kuta. Kwa mapaa ya Turkana wosia ni kinyume chake: tukiendelea kuuziba ufa ulio juu, tutaendelea kujenga madarasa na kuyaacha matupu, mwalimu na watoto wake wakiwa nje chini ya mgunga. Watahiniwa wa Lodwar na Kakuma hawaombi maswali mepesi wala alama za bure. Wanastahili kuyasoma maswali yale yale ya Limuru wakiwa na akili iliyo macho, na kwa hilo sentimita 12 za uwazi zingekuwa mwanzo wa haki.